Uzi Mweupe wa Baba

Juzi mjukuu wangu alitoka Kitale amevaa suruali ya jinzi yenye viraka vilivyoshonwa kwa uzi mweupe, safu kwa safu. Akaniambia huo ni mtindo wa Kijapani. Mara nikanusa tena tumbaku ya Baba, kule kwetu Bokoli.

Nilikuwa nimerarua gauni langu la samawati kwenye ua wa miiba. Baba alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma, na tangu arudi sote tulitembea kwa kunyata. Mlango ukibamizwa, aliruka. Kikombe kilimtetemeka mkononi. Alasiri hiyo akachukua sindano, akaanza kushona gauni likiwa mwilini mwangu, ubavuni kabisa.

"Baba Nekesa, si umwachie fundi," Mama alisema polepole.

Baba alivuta uzi. "Tulia, mama," aliniambia mimi. "Usisonge."

Nilizuia pumzi. Sikusikia kitu ila uzi ukipita kwenye kitambaa.

"Uzi ni mweupe," nilinong'ona. "Watu wataona."

"Wacha waone. Liliraruka, likashonwa. Mjapani mmoja ndiye alinifunza, mateka niliyekuwa nikimlinda. Alinishonea shati pale risasi ilipita."

Kwa miaka mingi niliamini Wajapani ni kabila la mafundi wa nguo. Sikujua kwamba ndio aliokuwa akipigana nao.

Sindano haikunigusa hata mara moja. Jioni Mama alimpa chai, na nusu yake ikamwagika kabla haijafika mdomoni.