Mama Aliyetaka Kujua Kurudi Nyuma Tu

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika shule moja ya udereva mtaani Waberi. Mbele yangu alisimama mama wa miaka sitini hivi. Karani, kijana mwenye adabu, akamwita "habo", yaani mama mdogo.

"Habo, una gari gani?"

"Sina gari."

"Utanunua?"

"Hapana. Nataka kujua kurudi nyuma tu."

Karani akaweka kalamu chini. "Lazima uanze na kwenda mbele."

"Warya, we kijana, mbele hata ngamia anajua!" Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Watoto wanataka nifungue duka. Dada yangu anataka niolewe tena. Majirani wanataka nijenge ghorofa. Hii ya kurudi nyuma nimejipangia mwenyewe, wallahi."

Foleni nzima ikacheka, naye akacheka kuliko sote. Alipokwisha kuandikishwa, akatoka kinyumenyume hadi mlangoni, kwa maringo.

Zamu yangu ikafika. "Na wewe, leseni ni ya nini?"

Nilifikiri sana. Sababu pekee niliyoipata ni kwamba mashemeji zangu wote wanayo. Nikamwambia karani nilikuwa nimeingia kujikinga na jua, nikaenda zangu nyumbani kwa miguu.