Samaki wa Mama Niliowafunika kwa Baridi

Haya nnayasema kichwa nimeinamisha. Mimi ni mwalimu wa sayansi, tena wa miaka mingi.

Mama alipofariki alituachia bwawa dogo uani kwetu Ghubra, huku nchi za Waarabu, na samaki saba wa rangi ya machungwa. Desemba hii Baba alikwenda Unguja kwenye msiba wa dada yake. Akanambia, "Nnakuachia samaki wa mamako."

Nikaingia kwenye simu kujifunza. Mzungu mmoja aliyevaa koti, theluji imejaa nyuma yake, akaeleza kwamba baridi ikianza usiwape chakula, uzime pampu, ufunike bwawa, uwaache wapumzike. Nikafuata yote, na juu nikatandika turubai zito. Baba akipiga simu namjibu kwa maringo, "Wamepumzika, Baba. Wataalamu ndivyo wanavyofanya."

Juzi karudi. Kaingia sebuleni anatoka jasho, akavua kofia. "Niwashie feni, mwanangu."

Nikamwashia. Akanywa maji, kisha akatoka uani kuwaona samaki wake.

Alipofunua turubai, harufu ilinifika mlangoni. Wote saba walikuwa wanaelea, matumbo juu.

"Niliwafunika kwa sababu ya baridi, Baba," nikasema.

Hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa bwawa, akamwokota mmoja kwa viganja viwili, akageuka kuitazama feni ikizunguka sebuleni.

"Baridi gani, mwanangu?"