Swali la Kumi na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, Mtafiti Mkuu hakunikaribisha hata kiti. Alibandika filamu nyeusi kwenye kisanduku cha taa, akaniuliza naona nini. Nikasema naona kichwa cha mtu.

"Kichwa hata mchinja mbuzi anakiona," akasema. "Niambie kilichomo."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Kiwanda cha chai kilikuwa kinapunguza wafanyakazi, mitumba imejaa Bagamoyo, mtaa wetu wa hapa Tukuyu, si ile ya pwani, na hospitali moja binafsi ya Dar es Salaam ilikuwa imeleta mashine ya CT. Mashine ile hupiga kichwa eksirei kipande kwa kipande, kama mkate unavyokatwa slesi. Damu mbichi huonekana nyeupe. Ikikaa wiki kadhaa hufifia. Mradi wetu ulichunguza kiharusi vijijini, nami, tabibu mzaliwa wa Kyimo, niliajiriwa kwa kuwa nilijua Kinyakyusa na mila. Nilijivuna sana kwa hilo.

Kazi ilianzia kwenye fomu. Swali la kumi na moja liliuliza kama mgonjwa alianguka au kugonga kichwa. Jibu likiwa ndiyo, alipelekwa Dar siku hiyohiyo, maana damu huweza kuvujia kati ya fuvu na ubongo, ikaukandamiza polepole hadi upande mmoja wa mwili ukalegea, watu wakadhani ni kiharusi. Huyo akiwahiwa, daktari wa upasuaji huitoa damu na mtu akapona. Jibu likiwa hapana, alisubiri gari la mradi mwisho wa mwezi.

Mzee Asajile wa Kyimo, aliyekuwa amepunguzwa kiwandani, nilimkuta kitandani, mkono na mguu wa kulia vimelegea, maneno hayatoki sawasawa. Nikamhoji mwanawe, Ambokile.

"Hajaanguka, daktari. Mimi nashinda shambani, lakini ningeambiwa."

Uani, mke wa Ambokile, Tupokigwe, alikuwa anamenya ndizi, ametupa mgongo. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake wala hatamki jina lake; akimwona njiani hujitupa kando. Kumwuliza habari za mwili wa mkwewe niliona ni kumvua nguo. Nikaandika hapana, nikaaga kwa adabu zote nilizofunzwa na mama yangu.

Gari lilikuja baada ya wiki tatu. Njia nzima mzee alikuwa anakoroma, haamki. Mtafiti Mkuu alikuwa ametutangulia Dar. Filamu ilipotoka, niliibandika mwenyewe kwenye kisanduku cha taa. Upande wa kushoto, chini ya fuvu, palikuwa na damu ya siku nyingi, imepinda kama ndizi, imeusukuma ubongo wote kando.

"Huyu hana kiharusi," Mtafiti Mkuu akasema. "Huyu alianguka. Nani anampikia?"

"Mkamwana wake."

"Ulimwuliza?"

"Mzee, kwetu mkamwana hawezi kumwangalia mkwewe."

"Sikuuliza kama anaweza. Nimeuliza kama ulimwuliza."

Mzee Asajile alikufa kabla hajafikishwa chumba cha upasuaji.

Baada ya mazishi, Tupokigwe alinifuata kwenye migomba, macho chini.

"Ndaga, daktari," akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Nilimwona tata, baba yetu, akiteleza mlangoni, kichwa kikagonga jiwe. Nilimwinua kwa mikono yangu hii. Akaniambia nisiseme, ni aibu. Siku ile ulipokuja na makaratasi, nilimenya zile ndizi polepole, nikingoja uniulize. Ungeuliza, ningesema."

Mgeni asiyejua chochote kuhusu sisi angemwuliza. Mimi mwenyeji, mwenye adabu zangu, nilimpita.

Nilifanya kazi ile miaka mingi baadaye, nikawafundisha vijana kusoma filamu nisizozikumbuka tena. Ile moja naikumbuka. Na kila kijana niliyempa fomu nilimwambia: anza na anayepika.

Sasa nimestaafu, nakaa Msasani ya hukuhuku Tukuyu na mwanangu. Alipooa, nilimwita mkewe sebuleni. Akapiga magoti, amenigeuzia mgongo kama alivyofunzwa kwao.

"Mwanangu," nikamwambia, "adabu yako nimeiona. Lakini siku nikianguka, geuka uniangalie. Na akija mtu na fomu, usingoje akuulize."

"Ndiyo, tata," akaitikia, bado amenipa mgongo.

Hajageuka mpaka leo. Nami kila nikiinuka kitini, nashika ukuta kwanza.