Begi Jepesi la Kubebea Nyama

Mimi ni mtu wa kushuku. Nakwambia mapema usije ukadhani naokota kila uvumi unaopita njiani. Nikinunuliwa chai nauliza kwa nini. Mhubiri akisema kiwete ametembea, mimi namngoja huyo kiwete nje nimwone akienda nyumbani. Mke wangu husema siku nikifika mbinguni nitaomba kwanza kuona hati ya shamba. Kwa hivyo ukisikia mtu kama mimi anasema jambo hili lilitokea, na lilimtokea yeye mwenyewe, asubuhi, akiwa na akili zake timamu, basi kaa usikilize. Ukinishuku, sawa tu. Ningekuwa wewe, ningefanya hivyo hivyo.

Nina bucha upande wa Kesses, kule wanakopanga nyumba wanafunzi wa chuo kikuu. Kondoo huchinjwa ng'ambo ya kijito, daktari wa mifugo anapiga muhuri, halafu nyama inavuka kuja dukani. Wakati wa kiangazi pikipiki huileta ndani ya sanduku la bati. Mvua ikianza, ile njia ya udongo mweusi inakuwa uji na hakuna mtu wa bodaboda anayekubali kuikanyaga. Hapo nyama inabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ni wangu.

Miaka yote nilibebea gunia lililotandikwa nailoni ndani. Gunia halina huruma. Kamba inakata bega, mzigo unateremkia upande mmoja kama mtoto aliyepatwa na usingizi, na damu inapata tu njia yake mpaka inaingia kwenye gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Aliyekuwa akichinja na kunifungia mzigo ni shemeji yangu Kiptoo, mdogo wake mke wangu. Kijana mpole, kisu chake hakijawahi kuharibu nyama. Kila alipomaliza kufunga aliweka kipande cha makaa juu ya nyama kabla ya kuniinua. Mama yao alifanya hivyo, na mama yangu pia, ingawa watu wetu walitoka Mkoa wa Kati na wao ni wa hapa hapa Uasin Gishu. Nyama mbichi haitembezwi njiani bila makaa. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa beba tu.

Basi mvua za mwaka huu zilipoanza nikasema bega langu limetosha. Nikaenda Eldoret mjini, kwenye mitumba, kutafuta begi la maana.

Begi la nyama halichaguliwi kwa rangi. Nilivuta mishono ya kila begi kama mtu anayetafuta ugomvi. Nikabonyeza mikanda ya mabega nione kama kuna sponji ama ni kitambaa kitupu. Nikatafuta mkanda mpana wa kiunoni, kwa sababu mzigo mzito unafaa kukalia nyonga, si kuning'inia shingoni. Mengi yalikuwa ya watoto wa shule. Mengine zipu ziling'oka mkononi mwangu, wenye mali wakanitazama vibaya. Halafu nikaliona moja limetundikwa peke yake, rangi ya majani makavu, na fremu ya chuma chepesi mgongoni. Ndani lilikuwa na kitambaa kigumu ambacho ukikipangusa damu inatoka yote. Chini kabisa palikuwa na doa jeusi la zamani.

"Hiyo ni ya kubeba nyama, baba," mama mwenye kibanda akaniambia. "Huko majuu wanaenda nayo msituni kuwinda. Mnyama akianguka wanamkata hapo hapo, anaingia yote."

"Na mbona bei iko chini hivi?"

"Si ni mitumba tu." Alisema akikunja suruali, hakuniangalia.

Nikamwomba alijaze nilipime. Akashindilia majinzi mpaka likavimba, akanivalisha, akanifunga mkanda wa kiuno. Niamini, sikusikia kitu. Nilizunguka kile kibanda mara mbili kama bwana harusi. Hapo ndipo mtu wa kushuku alipotakiwa kushuku, na mimi nikafurahi.

Kesho yake Kiptoo alipopanga nyama ndani, akatoa makaa yake. Nikamshika mkono.

"Shem, hii si gunia. Usinichafulie begi."

"Makaa haina shida, shemeji. Weka tu."

"Makaa iende jikoni."

Akacheka kidogo, akayatia mfukoni mwa jaketi lake. Nikaanza safari. Kutoka kichinjioni mpaka kwenye daraja la mbao nilisikia uzito kama kawaida. Baada ya hapo, ukungu ukiwa bado umelala juu ya kijito, mzigo ukapungua. Unajua vile mtu akikufuata nyuma na kukushikia mzigo kwa viganja kutoka chini? Hivyo hasa. Nikasema kumbe wazungu wanajua kushona begi. Nilifika dukani bila jasho, nikimsifu mama wa mitumba.

Nilipotundika nyama, ilikuwa pungufu. Paja moja lilikuwa na shimo. Nikadhani ni macho. Siku iliyofuata ikapungua tena, na kesho yake tena, kila mara ikiwa ile nono, sehemu yenye mafuta. Nani aliyefunga mzigo? Kiptoo. Nani mwingine aliyeigusa? Hakuna. Nikatia kufuli ndogo kwenye zipu, ufunguo nikauweka kwenye soksi. Ikapungua. Nikapima kule kichinjioni mbele yake, nikapima na dukani. Ikapungua. Mtu mwingine angesema haya ni maajabu. Mimi nikasema kijana amechezea mizani ya kule.

Kitu kimoja nilikiona nikakataa kukifikiria. Mahali palipopungua hapakukatwa kwa kisu. Pamenyofolewa. Na Kiptoo nyama hainyofoi; hata ya kula mwenyewe huikata kwanza.

Jioni moja tukiwa mezani, mbele ya watoto, nikamuuliza.

"Shem, nyama inaenda wapi?"

Akarudisha tonge la ugali kwenye sahani. "Unaniuliza kama mtu wa kazi ama kama shemeji yako?"

"Nakuuliza kama mwenye nyama."

Kiptoo akasimama, akageuza mifuko ya jaketi lake nje, wa kulia na wa kushoto, kama wanavyofanya wanaopekuliwa na askari. Kipande cha makaa kikaanguka sakafuni. Hakukuwa na kitu kingine.

"Baba Shiru," mke wangu akasema polepole, "huyo akiwa mwizi, mimi umeoa dada ya mwizi. Fikiria vizuri."

Sikufikiria. Kiptoo akainama, akaokota makaa yake.

"Kesho nitatembea mbele yako," akasema. "Mikono yangu utaiona mpaka dukani. Ikipungua, utajua si mimi. Isipopungua, basi niite vile unataka."

Usiku huo mke wangu alinipa mgongo. Nami nililala nikijua kwamba kesho ama nimemshika mwizi, ama nimejivunjia nyumba. Na nitakwambia ukweli wangu: niliombea awe mwizi.

Asubuhi kulikuwa na ukungu ambao ukinyoosha mkono unaupoteza. Kiptoo akafunga mzigo, nikatia kufuli, akatangulia mikono ikining'inia wazi pembeni, hatua chache tu mbele yangu. Tukafika kwenye daraja la mbao, na hapo, kama kawaida, mzigo ukawa mwepesi. Nikawaza, leo ikipungua nitasema nini?

Kiptoo akageuka kuniangalia kama nimefika salama kwenye zile mbao zinazoteleza. Akasimama. Uso wake ukabadilika.

"Shemeji," akasema, "huyo nyuma yako ni nani?"

Unajua nilifikiria nini? Nilifikiria, ndiyo hii janja yake. Anataka nitupe begi nikimbie, yeye abaki na nyama. Naapa hilo ndilo lililonijia kichwani. Nikageuka upesi. Hakukuwa na mtu. Lakini nilipogeuka, begi liligeuka na mimi, na aliyekuwa nyuma yangu akabaki kuwa nyuma yangu.

"Usigeuke," Kiptoo akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na ng'ombe mkali. "Amekushikia mzigo. Amelaza kichwa hapo juu."

Ndipo nikasikia. Karibu na sikio langu la kushoto, mtu alikuwa anatafuna. Hakuwa na haraka. Alitafuna kama mzee aliyealikwa sherehe na kuwekwa kiti cha mbele, na pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni mwangu. Nikainamisha macho, nikaangalia katikati ya gambuti zangu. Nyuma yazo palikuwa na miguu miwili mitupu, mikubwa, vidole vimetazama mbele kama vyangu. Ilikuwa safi. Tope lote lile la njia, mimi nimechafuka hadi magotini, na ile miguu ilikuwa safi kama ya mtu aliyetoka kuoga.

Kiptoo angeweza kukimbia, na mimi nisingemlaumu, maana jana yake nilimvua nguo mbele ya watoto wangu. Badala yake alirudi. Akaja pole pole juu ya zile mbao, akatoa makaa mfukoni, akapita kando yangu mpaka sikumwona tena. Nikasikia makaa yakigusa begi, kisha akasema kwa heshima, kama unavyoongea na mtu mzima aliyekaa muda mrefu kwenye nyumba ya watu:

"Mzee, fungu lako umekula. Mwache huyu aende."

Kutafuna kukaacha. Halafu uzito wote ukanirudia mara moja, nikaanguka kwa magoti. Kiptoo akanifungua mkanda wa kiuno, akanivuta kwa kola mpaka ng'ambo. Alipoligusa tena begi, kufuli ilikuwa bado imefungwa. Nikatoa ufunguo kwenye soksi; ndani, bega la kondoo lilikuwa limebaki mfupa, na mfupa wenyewe umelambwa.

"Nilikuwa nimekwambia uweke," akasema. Basi.

Nyama ile tuliiacha pale pale. Begi nililirudisha mitumba siku hiyo hiyo. Ulitaka nikwambie kibanda hakipo na yule mama alikufa zamani? Hapana. Alikuwepo, anakunja suruali. Hakuuliza kwa nini nalirudisha. Sikuomba pesa zangu, naye hakunipa. Alilikung'uta mara moja, akalitundika palepale peke yake, akaendelea na kazi. Nilipomuuliza ni wangapi wameshalirudisha, akaita mteja mwingine.

Kwa hivyo lipo. Wewe unayekwenda mjini kutafuta begi la kazi, vuta mishono, angalia fremu, pima mkanda wa kiuno, hayo yote ni sawa. Lakini ukivaa begi limejaa na usisikie kitu, livue uweke chini uende zako. Mzigo lazima uwe na uzito. Ukikosa kuusikia wewe, kuna mwingine anausikia, na huyo hafanyi kazi ya bure. Mimi nimerudia gunia langu, na makaa juu. Bega linauma kila siku, na nikisikia linauma najua kwamba niko peke yangu njiani.

Kiptoo sasa anachinjia watu wengine, mjini upande wa Huruma. Nilimwomba msamaha mbele ya dada yake, akasema hakuna neno, na nadhani alimaanisha. Huja kutusalimia Jumapili. Anakula, anacheka, anabeba watoto. Lakini akifika mlangoni wakati wa kuondoka, husimama kwanza, akageuza mifuko ya jaketi nje, wa kulia na wa kushoto, akaniangalia akitabasamu. Watoto hudhani ni mchezo, siku hizi nao wanageuza yao. Mke wangu huingia jikoni. Na mimi, mtu wa kushuku, hubaki nikitazama ile mifuko mitupu mpaka airudishe.