Bunduki ya Guku na Bega Lake

Guku, yaani baba yake baba yangu, aliuza ng'ombe wawili mnadani Kishapu ili anunue bunduki ya kuwindia. Kibali kilikuwa tayari, baba amekifuatilia mpaka soli za viatu zikaisha. Kilichobaki ni kuchagua, na hapo ndipo nikaitwa mimi.

Nilijua naitwa kwa utaalamu. Mimi natengeneza simu Maganzo, sijasomea popote, nimejifunza kwenye video, na wiki nzima nilikuwa naangalia video za bunduki tu. Kumbe baba alikuwa na lake. Guku aliwahi kupigwa pembe na dume la kukokota plau, bega la kulia halijakaa sawa mpaka leo, na bunduki ukiifyatua inakurudi begani kama teke. Guku alitaka ya risasi kubwa, tatu sabini na tano, ile ya kuangushia nyati, kwa sababu jirani yake anayo. Baba hana mdomo wa kumwambia mzazi wake kwamba haiwezi tena.

"Mimi ni mtoto wake," akaniambia. "Wewe ni mke wake. Utamwambia wewe."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mjukuu wa kike ni mke wa babu, anamsema mbele za watu na hakuna wa kununa.

Basi tukaingia duka la silaha mjini, sisi watatu. Nikaanza mimi. Nikamwambia mwenye duka tunataka semi-otomatiki, inajipakia yenyewe, teke lake dogo, halafu bei iwe ya mfugaji.

Akaniangalia juu ya miwani. "Dada, hizo video zako ni za nchi gani? Hapa kuwindia na hiyo hairuhusiwi."

Guku akafurahi mno. "Mke wangu huyu fundi simu," akamwambia. "Hata ungempa hiyo, angetafuta pa kuweka laini."

Nilikuwa nimevimba.

Mwenye duka akaweka mbili mezani, zote za kuvuta komeo kwa mkono. Moja tatu sabini na tano iliyotumika, bei nzuri, ila risasi zake ghali, utanunua mojamoja kama sigara. Nyingine mbili arobaini na tatu, nyepesi, swala na pongo inawatosha, na risasi zinapatikana. Halafu akampima Guku kwa macho, juu mpaka chini.

"Mzee, hiyo kubwa itakulaza chali."

Hapo akanipandisha hasira. Babu yangu namsema mimi, siyo mtu wa dukani. "Umemwita nani mzee? Huyu anawinda wewe bado unanyonya. Mpe kubwa."

Baba akakohoa. Nimeletwa kuzuia, na mimi ndiye nimesukuma.

Guku akaichukua ile kubwa, haina risasi, akainyanyua. Mkono ukafika kifuani ukagoma. Akainamisha kichwa kuifuata kule chini, akajifanya anakagua mbao. Baba akawa anaangalia feni. Nikaona kabisa kwamba ataibeba hivyohivyo, kwa vile nimeshamsifia mbele za watu, na siku atakayoifyatua bega litaondoka lote, uwindaji wake uishie hapo.

"Bebe Guku, wewe," nikasema, "weka chini."

"Kwa nini?"

"Wake zako tumechoka. Mwenzangu bibi kule nyumbani anakuchua bega kila asubuhi, mikono inanuka dawa mpaka ugali unanuka. Ukilivunja tena, zamu ya kuchua inakuja kwangu, na mimi nina simu za watu."

Nikajua nimemmaliza. Kisha akailaza mezani taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Unaona shida ya kuoa wawili?" akamwambia mwenye duka. "Haya, lete hiyo ya wake zangu."

"Pole, shemeji," akamjibu mwenye duka, na kuanzia hapo nikampenda.

Ile ndogo ilipanda mpaka shavuni bila kusita. Guku akafumba jicho moja, akalenga kalenda ukutani, hakuishusha mpaka alipoitwa kutia saini.

Msimu ulipofunguliwa akalipia leseni, akaenda kitalu cha uwindaji, akarudi na swala. Jirani akaicheka bunduki, eti tundu lake unaziba kwa punje ya mtama. Guku akamwambia, "Ningebeba kubwa, ila kuna mke wangu Maganzo ana wivu hata na bega."

Sasa watu wakitoka Kishapu wanapita kibandani kwangu kuniuliza kama ndiye mimi niliyemnyima mzee bunduki ya kiume. Na mdomo wangu huu ninavyoujua, majibu yamejaa, ila ule mkono uliogoma dukani siutaji. Nawaambia ndiyo, ni mimi, leteni simu.