Mkufu Ulioingia Mweusi

Watu walimwita Fundi Sabuni, naye hakuwa na kinyongo. Katika karakana ya sonara wenzake walikuwa na kazi za kujivunia. Tajiri alibuni mapambo, Koleo aliunganisha vipete kwa moto, na yeye alisafisha. Hereni ilimfikia ikiwa nyeusi kwa moshi wa kuchomea, ina mikwaruzo ya tupa na alama za vidole vya kila mtu, naye aliitoa ikiwa kama haijawahi kuguswa. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa ameifanya miaka yote: kufuta ushahidi kwamba kuna watu waliofanya kazi.

Zamani alitumia brashi, majivu na mkono wake. Kisha tajiri akaleta mashine. Haikuwa ya kutisha: pipa dogo la mpira, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, lililolazwa juu ya vyuma viwili vya mviringo vilivyozungushwa na mota. Ndani mlikuwa na gololi za chuma, nyingine duara, nyingine nyembamba kama vipande vya sindano, ili zipenye hata kwenye vitundu ambavyo brashi haifiki. Unatia maji, unatia tone la sabuni, unatumbukiza vitu vyako, unafunga kifuniko na kuwasha. Pipa linaviringika, gololi zinasugua, na wewe unakaa.

Ila lilikuwa na kelele. Liliguna kutwa nzima, bila kupumzika na bila kusema hasa linachotaka, na kwa sababu hiyo Koleo akalibatiza Mkwe. "Leo Mkwe kaamka vibaya," angesema asubuhi gololi zikianza kulalamika. Fundi Sabuni alicheka kama wengine. Aliweza kucheka kwa sababu mama mkwe wake hakuwa amewahi kukanyaga karakanani.

Alikanyaga siku ya Jumatatu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mjane, aliyetembea kama mtu anayekwenda kukagua. Kuhusu masonara alikuwa na msimamo mmoja tu, kwamba wote ni wezi. Posa ilipoletwa kwa binti yake aliuliza swali moja: "Ni sonara, au ni msafishaji tu?" Alipoambiwa ni msafishaji tu, alishusha pumzi na kusema afadhali. Tangu siku hiyo Fundi Sabuni aliishi kwa ile afadhali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeleta mkufu wangu. Jumapili wanangu wote wanakuja, tunapiga picha ya pamoja, na kaka yao mkubwa ananiambia kwenye picha utaonekana kama kamba ya kiatu."

Aliuvua taratibu. Ulikuwa mkufu wa fedha wa vipete na vitufe vidogo vilivyo wazi ndani, aliopewa na marehemu mumewe, na haukuwa umetoka shingoni kwake tangu arusi. Alikuwa amekanda unga nao, ameogesha watoto nao, amepuliza jiko nao. Ulikuwa mweusi kama sehemu ya chini ya sufuria, na kaka mkubwa, kusema kweli, hakuwa amemsingizia.

"Niachie tu, mama, jioni nitakuletea nyumbani."

"Siuachi. Nitakaa hapa hapa."

"Utachoka. Inachukua muda."

"Nimekaa leba mara tano. Nitashindwa kukaa na kipipa?"

Koleo alikuwa ameinamia moto kwenye kona yake, hakuona nani ameingia. "Fundi," alisema kwa sauti, "washa Mkwe basi, tumeshakosa kelele zake."

Mama akageuka.

"Awashe nani?" aliuliza mama.

"Mashine, mama," Fundi Sabuni aliwahi. "Hilo ni jina la kampuni. Iliyoitengeneza."

Mama akalitazama pipa kwa heshima kidogo. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake, na kwa muda wote lilipokuwa likizunguka hakubandua jicho. Mtu aliyetaka kupita katikati aliambiwa azunguke nyuma ya meza. Chai aliyoletewa aliinywa kwa kuipapasa kwa mkono tu, bila kuitazama.

Pipa liliposimama, Fundi Sabuni alifungua kifuniko, akamimina kila kitu kwenye chujio, akasuuza, akafuta kwa kitambaa laini. Mkufu ukatoka mweupe, kila kitufe kimeshika taa ya dari. Tajiri mwenyewe alisogea kuangalia. Fundi Sabuni aliuweka kiganjani kwa mama mkwe wake, akasubiri sifa ambayo kwa hakika alikuwa akiisubiri tangu siku ya posa.

"Wangu uko wapi?" aliuliza mama.

"Ndio huo, mama."

"Nakuuliza tena, na bado nauliza kwa upole."

"Mama, ndio huo. Umesafishika tu."

"Mkufu ule nimeuvaa tangu sijazaa. Wangu ni mweusi, mzito, na una harufu yangu. Huu mweupe, mwepesi, na unanuka sabuni."

"Lakini si ulikuwa unaona? Hukubandua jicho hata mara moja!"

"Ndiyo hapo sasa. Nimeona wangu ukiingia, nimeona huu ukitoka. Katikati mlifunga kifuniko. Kuna mwizi anayeacha wazi?"

Koleo, kwa nia njema, akaingilia. "Mama yangu, hiyo ni taka tu imetoka."

"Taka? Mimi mchafu?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Umesema hivyo hivyo."

Kwa kukata tamaa, Fundi Sabuni akanyanyua bakuli lililokuwa chini ya chujio na kumwonyesha yale maji, ya kijivu, mazito, yenye povu jeusi. Alidhani hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo. Mama aliyatazama kwa muda mrefu, mkono kifuani.

"Kumbe mmeuyeyusha," alisema.

Akauweka mkufu mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Huu kamvishe mama yako. Wangu niletewe kabla ya Jumapili. Bila mkufu sipigi picha, na nisipopiga mimi, sijui nani atapiga." Akatoka. Wateja wawili waliokuwa wakichagua pete wakazirudisha kwenye kisahani na kutoka nyuma yake.

Kwa sonara yeyote kuna kosa moja tu ambalo halisafishiki, nalo ni kubadilisha mali ya mteja. Unaweza kuchelewesha, unaweza kukata pete ikawa ndogo, utasamehewa. Ukitajwa kwa kubadilisha, umekwisha. Hadi Jumanne jioni habari ilikuwa imeshawafikia mashemeji wote, na yule mkubwa, aliyezoea kumwita "shemeji langu," alimpigia simu na kumwita "wewe fundi." Tajiri alimweka kando na kumwambia anamwamini kabisa, asilimia zote, isipokuwa asionekane kaunta mpaka jambo hili liishe, na lisipoisha kufika Jumapili, basi wataona.

Hayo yote aliyameza. Kilichomkwama kooni ni mke wake. Alikuwa akimenya vitunguu, akasimamisha kisu, akasema taratibu bila kumwangalia:

"Baba, niambie mimi peke yangu. Sitamwambia mtu. Uliuuza?"

Alisema hapana. Mkewe akaitikia "haya," na kuendelea na vitunguu, na ile "haya" ilikuwa mbaya kuliko matusi yote ya mama yake.

Alhamisi Koleo alimpa ushauri, kwa kuwa jina la mashine lilikuwa limempa hatia kidogo. "Ndugu yangu, mama yule hana shida na mkufu. Anautaka uchafu wake. Mrudishie."

"Namrudishiaje? Nimeshaumwaga."

"Tengeneza mwingine. Wewe si fundi?"

Basi mtu aliyejulikana mji mzima kwa kutakatisha, akauchukua mkufu, akaomba ruhusa ya kutoka mapema na kwenda nyumbani kuchafua. Haikuwa rahisi kama anavyodhani asiyejaribu. Mkono wake wenyewe ulikuwa ukimsaliti: akipaka masizi, kidole kinafuta. Mafuta ya kupikia yaliteleza. Unga ulipukutika. Maisha yake yote alikuwa akiukimbiza uchafu, na leo anauhitaji, umegoma. Mwishowe akakumbuka jambo linalojulikana na kila anayeshika fedha, kwamba mayai huitia weusi. Akabandika mayai jikoni, akachukua kopo lenye mfuniko ili ayaponde mle na kuuzika mkufu ndani.

Mkewe alimkuta amesimama mbele ya sufuria, mayai yanachemka, masizi yamemfika kwenye nyusi, na mkufu umening'inia kidoleni.

"Unafanya nini jikoni kwangu?"

"Nauchafua."

"Kwa hiyo ndivyo mnavyofanya? Mnachukua wa bandia, mnauchakaza, mnampa mtu kama wake?"

Fundi Sabuni aliyafuta masizi yale machache kwa pindo la shati, akamnyooshea mkufu. "Shika. Uangalie mwenyewe. Mimi nimechoka kuongea."

Aliushika shingo upande, kama anayepokea barua ya serikali. Akaupitisha kati ya vidole, kipete baada ya kipete, bila kutafuta kitu. Kwenye kitufe cha mwisho, karibu na kishikizo, kidole gumba kikasimama. Akausogeza dirishani.

"Hapa pana nini?"

"Vishimo tu. Vilikuwa vimejaa taka, gololi zimevizibua. Kitufe ni chembamba, kuna kitu kilikibana." Aliinama kuangalia kwa jicho la kazi. "Viwili juu, viwili chini."

Mkewe alikigeuza kitufe kwenye mwanga. Kuna hadithi moja ambayo mama yake alimsimulia kila mgeni aliyewahi kukaa sebuleni kwao, mpaka watoto wakawa wanakimbia wakisikia inaanza: namna binti huyu alivyokuwa akiota meno akalia siku nzima, na hakuna dawa iliyomnyamazisha ila kupakatwa na kuguguna mkufu wa mama. Kila mtu aliijua hadithi. Alama za meno hayo hakuna aliyewahi kuziona. Zilikuwa zimefunikwa na miaka yote ya unga na mafuta iliyofuata.

Alikipeleka kitufe karibu na midomo, kama anayetaka kujipima, akaona haya, akakishusha.

"Ni wenyewe," alisema. Kisha akaketi kwenye gunia la mkaa akiwa na sare yake ya kazini, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Nisamehe, Baba. Nisamehe sana."

Fundi Sabuni hakukumbuka mara ya mwisho kujisikia msafi namna ile, pamoja na uso wake ulivyojaa masizi. "Basi tumalize! Twende sasa hivi tukamwonyeshe mama."

Mkewe akajifuta pua. "Ukimwonyesha, itabidi akubali kwamba amekutukana mbele ya watu bure."

"Ndiyo."

"Mama yangu hajawahi kukosea. Sijui kama anaweza, hana mazoezi. Na Jumapili zimebaki siku tatu tu." Akanyanyuka na kuepua sufuria. "Lete kopo."

Wakamenya mayai pamoja, wakayaponda, wakauzika mkufu. Siku ya pili ulipotoka mweusi, walisaidiana kuupaka mafuta na unga na masizi, yeye akisema "hapo pamezidi" na mkewe akisema "niachie, mimi ndiye najua mama anavyopika." Kitufe cha mwisho mkewe alikishughulikia mwenyewe. Alivijaza vile vishimo vinne kwa kidole gumba, kimoja kimoja, akavibana mpaka visionekane.

Jumapili nyumba ya mama ilijaa. Mpiga picha alikuwa ameshapanga viti uani na hakuna aliyethubutu kuketi. Fundi Sabuni alitoa kitambaa mfukoni mbele ya mashemeji wote na kukifungua. Mama aliuchukua mkufu, akaupima kwa kiganja, akaunusa mara mbili.

"Huu ndio wangu," alisema.

Watu wakashusha pumzi. Fundi Sabuni alisubiri neno la pili.

"Ulikuwa wapi?"

Alifungua kinywa, na mkewe akamkanyaga mguu.

"Nilikuwa nao mimi, mama," alisema Fundi Sabuni.

Wiki nzima alikuwa akisema ukweli huohuo kwa maneno mengine, na hii ndiyo mara ya kwanza ulipoaminiwa. Mama mkwe akamkumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya arusi. "Masonara nawajua," aliwatangazia wote, sauti imelowa. "Wakichukua, wamechukua. Huyu karudisha. Mwanangu huyu ana roho." Akamketisha kwenye kiti cha mbele, ubavuni kwake, na shemeji mkubwa akasogezwa nyuma. Katika picha, ambayo imetundikwa sebuleni mpaka leo, mkufu unaonekana kama kamba ya kiatu.

Sifa hiyo ilisambaa haraka kuliko ile tuhuma. Wanawake wa mtaa mzima, waliokuwa wamefungia vito vyao kwenye masanduku kwa kuwaogopa masonara, sasa walimtafuta yeye kwa jina, yule ambaye akichukua anarudisha. Tajiri alimrejesha kaunta na kumwekea kiti cha mto. Kila alipotaka kueleza kwamba hakuwahi kuchukua kitu, wateja walimpigapiga begani na kumwambia yameshapita, na mwishowe akaacha kueleza.

Nyumbani mkewe hakuuliza tena kitu, wakiwa peke yao wala mbele ya watu. Ila alipokwenda kumsalimia mama yake, akimkumbatia, mkono wake ulikuwa ukipita nyuma ya shingo na kukigusa kitufe cha mwisho, kuhakikisha kwamba bado kimejaa.

Mama mwenyewe alipenda kuwaleta rafiki zake karakanani. Aliwapangia vigoda mbele ya pipa, akawajulisha kwamba linatoka kampuni kubwa, inaitwa Mkwe. Koleo aliinamia moto wake, mabega yakimtikisika.

"Mkwe wangu ni mtu mwema sana," mama aliwaambia. "Lakini msibandue macho."

Wakakaza macho. Fundi Sabuni akaitikia "ndiyo, mama," akafunga kifuniko, akawasha.