Alama Mbili Nyeupe

Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa bwana shamba katika kijiji cha ujamaa upande wa Kaengesa, nilimkamata nondo, yule ndugu wa kipepeo apendaye taa. Alikuwa ametulia kwenye ukuta wa nyumba niliyopanga, mabawa ameyalaza kama paa. Nilimbana kwa kidole gumba na cha shahada hadi akafa. Nilipomlinganisha na picha za kitabu changu cha chuo, hakufanana na yeyote.

Siku tatu sikutulia. Nilitaka maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili, na Mtanzania, kabla mgeni hajayaandika kwa lugha yake. "Bawa la mbele lina rangi ya ulezi uliokomaa," niliandika, "michirizi miwili ya kahawia, na alama nyeupe mfano wa mwezi mwandamo." Alama hiyo, iliyokuwa katika mabawa yote mawili, ndiyo iliyomtenga na nondo wengine. Nilifuta, nikaandika upya, nikatoka nje, nikarudi. Ijumaa gari la wilaya lingepita kuchukua taarifa yangu ya kilimo, na nondo angekwenda nayo kwa wataalamu.

Ijumaa hiyo mama mwenye nyumba alirudi kutoka shambani, akaegemeza jembe mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bwana Shamba, bado unamwandikia mdudu barua? Amekujibu?"

Nilimwonyesha zile alama. Aliinama, akacheka. "Mwanangu, si hapo ulipomshika?"

Nilibisha: vidole haviwezi kuacha alama zinazolingana hivyo. Mama aliinuka. Alimbandua nondo mwingine ukutani, akambana kama nilivyofanya, kisha akanionyesha. Vumbi la mabawa lilikuwa vidoleni mwake. Mabawani ilibaki miezi miwili myeupe, sawa kwa sawa.

Nilikata ule mstari wa alama nyeupe. Bila huo, nondo wangu alikuwa mmoja wa wale wa kitabuni.

Honi ikalia. "Lete, Bwana Shamba," dereva alipaza sauti, "Sumbawanga mbali!"

Nilichukua taarifa pekee. Humo nilikuwa nimeandika kwamba wanakijiji wameacha kwa hiari matuta yao ya mviringo, yale ya kufukia majani, wakapokea matuta yangu ya mstari. Nikapita mlangoni. Jembe la mama lilikuwa limegandiwa na majani mabichi. Asubuhi nzima alikuwa akiyafukia kwa mtindo wa mama yake.

"Nisubiri kidogo," nilimwambia dereva, nikarudi mezani kutafuta katika taarifa mahali pengine nilipobana mno.